Kupanua Injini ya Motakaa Ndogo

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo wenye motakaa ndogo huuliza mara kwa mara, nalo ni hili: injini iliyochoka inapoteremshwa na kufunguliwa ili itengenezwe upya, je, yafaa kuipanua ujazo wake, iwe na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani? Swali hili si la mchezo. Mtu wa Singida mwenye gari moja tu hulitegemea kwa kupeleka vitunguu sokoni, kwa kumfikisha mgonjwa hospitali, na kwa kupata karo ya watoto. Akikosea katika kazi hii, amepoteza chombo cha riziki yake.

Tulimjua mwenye gari mmoja, mkulima wa upande wa Iramba, aliyekuwa na Toyota Starlet. Kila alipopanda mlima wa Sekenke akiwa na mzigo, gari lilitweta, likatoa moshi wa buluu nyuma, na watu wa malori wakampita wakicheka. Fundi mmoja akamwambia, "Mzee, tukichonga silinda hizi, gari lako litakuwa kubwa, utausahau mlima." Mzee akauza mbuzi wake, akatoa fedha. Yaliyompata tutayasimulia mwishoni, maana hayafahamiki vema mpaka kwanza tujue ujazo wa injini ni kitu gani.

UJAZO NI NINI

Fikirini kinu na mchi. Ndani ya injini mna mashimo ya mviringo yaitwayo silinda, na katika kila shimo mna pistoni inayopanda na kushuka kama mchi kinuni. Tofauti ni kwamba mchi hauzibi kinu, bali pistoni imezungushiwa ringi za chuma zinazobana ukuta wa silinda, hata hewa isipite. Pistoni ishukapo, huvuta hewa na petroli, ipandapo, huvibana, plagi ikitoa cheche, moto huisukuma chini kwa nguvu, nayo krenki huzunguka.

Ujazo wa injini ni jumla ya nafasi inayofagiliwa na pistoni zote katika mwendo wao mmoja wa toka juu hadi chini. Hupimwa kwa sentimita za ujazo, ndizo zile zinazoandikwa kwa herufi cc. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kipenyo cha silinda kwa sentimita, ukizidishe kwa chenyewe. Kisha uzidishe kwa 0.7854, kisha kwa urefu wa mwendo wa pistoni, mwisho kwa idadi ya silinda.

Tuitazame Starlet yenye injini ya aina ya 4E. Ina silinda 4, kipenyo cha milimita 74, na mwendo wa milimita 77.4. Basi 7.4 mara 7.4 ni 54.76, hiyo mara 0.7854 ni karibu 43. Hiyo mara 7.74 ni karibu 333 kwa kila silinda. Na silinda zote nne hupata 1331. Hapo twaona kwamba njia za kuongeza ujazo ni mbili tu: kupanua kinu, yaani kipenyo, au kuurefusha mwendo wa mchi, yaani mwendo wa pistoni.

HEWA YA SINGIDA

Kabla hatujaendelea, yatupasa kujua kwa nini gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam huonekana zito Singida. Injini haili petroli peke yake. Hula na hewa, na hewa ndiyo chakula kikubwa zaidi. Mji wa Singida umeinuka kiasi cha mita 1500 juu ya bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika saba. Injini ya 1331 ikiwa Singida huvuta hewa ile ile kwa wingi ambayo injini ya 1150 hivi ingevuta pwani. Kwa hiyo mwenye gari asilaumu injini kwa kila jambo. Mwinuko umekwisha kumpunguzia karibu 180 kabla hajapakia hata gunia moja.

Habari hii ndiyo inayowafanya wengi watamani injini kubwa zaidi, na tamaa hiyo ina sababu. Lakini na tuone kama kuchonga silinda huirudisha hasara hiyo.

KWA NINI SILINDA HUCHONGWA

Silinda huliwa kwa kazi. Katika nchi kavu kama Singida, adui mkubwa ni vumbi. Ijapokuwa barabara kuu za kwenda Dodoma, Nzega na Babati zimetiwa lami siku hizi, njia nyingi za vijijini ni za mchanga na udongo. Chujio la hewa likitoboka, au mpira wake ukilegea, vumbi huingia pamoja na hewa, likachanganyika na oili, likawa kama msasa kati ya ringi na ukuta.

Wala silinda hailiwi sawasawa. Huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi zinapogeuza mwendo, kwa maana hapo joto ni kali na oili ni haba. Tena huliwa zaidi upande ambao pistoni husukumwa na mkono wa krenki, hata shimo lililokuwa la mviringo likawa kama yai. Dalili zake zajulikana: injini hula oili, moshi wa buluu hutoka, na nguvu hupungua.

Ringi mpya peke yake haziponyi silinda iliyokuwa yai, kwa sababu ringi ni ya mviringo na shimo si la mviringo. Dawa yake ni kulichonga shimo kwa mashine mpaka liwe sawa tena, kisha kuweka pistoni kubwa kidogo, ambazo mafundi huziita ovasaizi. Ovasaizi zinazojulikana sana ni za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ingawa si kila injini hupatikana zote.

Basi tupige hesabu tena. Starlet ile ikichongwa kwa milimita 0.50, kipenyo chake ni milimita 74.5, na ujazo wake ni karibu 1350. Ongezeko halifiki 20. Ni kama kijiko kimoja cha mezani na nyongeza kidogo, tena kimegawanywa kwa silinda nne. Ikichongwa kwa milimita nzima, ujazo ni 1368, na ongezeko ni 37. Kumbukeni kwamba mwinuko wa Singida ulichukua karibu 180.

Hapa ndipo penye kosa la watu wengi. Mtu huchongesha injini, huliona gari limepata nguvu, akasadiki kwamba nguvu hiyo imetokana na upana. Sivyo. Nguvu hiyo imetokana na kuziba. Silinda imekuwa ya mviringo tena, ringi zimeshika, na hewa iliyokuwa ikivuja sasa yabanwa yote. Amerudishiwa nguvu aliyokuwa ameipoteza, akadhani kwamba ameongezewa mpya.

UPANUZI WA KWELI

Hata hivyo upanuzi wa kweli upo, na viwanda vyenyewe huufanya. Wazee wetu waliosafiri kwa Peugeot watakumbuka ile 404. Injini yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 84 na mwendo wa milimita 73, na ujazo wa 1618. Ilipokuja Peugeot 504 katika mwaka wa 1968, kipenyo kilikuwa kile kile cha 84, lakini mwendo ulirefushwa kuwa 81, na ujazo ukawa 1796. Baadaye kidogo mwendo ukaachwa kwenye 81, na kipenyo kikapanuliwa kuwa 88. Ujazo ukafika 1971. Katika hatua mbili hizo mwaona njia zote mbili tulizozitaja.

Kadhalika Volkswagen ya kale, ile tuiitayo kobe kwa umbo lake. Silinda zake hazikuchimbwa katika bloku moja, bali kila moja hufungwa peke yake na hutolewa kama mtungi kwenye kata. Injini ya 1500 ilikuwa na kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa 69. Ya 1600 ina mwendo uo huo na kipenyo cha 85.5. Katika injini kama hiyo fundi huweza kuondoa silinda na pistoni ndogo, akaweka kubwa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, wala hachongi kitu.

Nayo Toyota ina ndugu wawili: injini ya 4E tuliyoitaja, na ya 5E inayoonekana katika magari kama Raum. Kipenyo cha zote mbili ni milimita 74, ila mwendo wa 5E ni milimita 87, na kwa hiyo ujazo wake hukaribia 1500. Asitokee mtu akadhani kwamba atachukua krenki ya moja na kuitia katika nyingine kama abadilishavyo taa. Urefu wa mikono ya krenki, mahali pa pini katika pistoni, kimo cha bloku na ulinganifu wa uzito, vyote hukaa kwa mapatano. Anayetaka ujazo mkubwa wa namna hii, aghalabu ni nafuu na salama zaidi kwake kununua injini nzima iliyo kubwa, ya ukoo ule ule, yenye vifaa vyake vyote, kuliko kuunganisha vipande.

MAMBO YANAYOFUATANA NA UPANUZI

La kwanza ni ukuta. Kati ya silinda na silinda mna chuma, na nyuma ya chuma hicho mna maji ya kupoza. Kila unapopanua, ukuta hupungua. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, hupinda kwa joto au hupasuka, na maji yakaingia ndani ya silinda. Hapo bloku imekwisha kuwa chuma chakavu.

La pili ni gasketi ya silinda hedi. Tundu la gasketi likiwa dogo kuliko silinda mpya, ukingo wake hujitokeza ndani ya moto, ukaungua.

La tatu ni mbano, nalo huwadanganya hata mafundi hodari. Tuseme kila silinda hufagia 333, na chumba kilichobaki juu ya pistoni ni 39. Jumla ni 372, inayobanwa kuwa 39, yaani mara tisa na nusu. Ukirefusha mwendo hata silinda ikafagia 374, na chumba kikabaki kile kile, jumla ni 413, na mbano umepita mara kumi na nusu. Petroli ya kawaida ikibanwa hivyo huweza kuwaka vibaya, na injini hugonga kama nyundo ndogo ndani ya debe. Singida hewa ni nyepesi, na pengine hutasikia kitu. Lakini teremka na mzigo mpaka Dar es Salaam, hewa iwe nzito na joto liwe kali, ndipo injini itakapoanza kugonga, na pistoni itatoboka mbali na nyumbani. Gari likitengenezewa mlimani, na lifikiriwe pwani pia.

La nne ni chakula na upozaji. Injini kubwa hutaka petroli zaidi. Kabureta isiporekebishwa, mchanganyiko huwa na hewa nyingi na petroli haba, na moto wake huunguza valvu. Rejeta nayo yapaswa kuwa safi na yenye kutosha.

La tano ni sheria. Katika kadi ya gari umeandikwa ujazo wa injini. Ukiubadili, au ukibadili injini yenyewe, wapaswa kuwaarifu Mamlaka ya Mapato na kampuni ya bima, ili siku ya ajali usije ukaambiwa kwamba gari lililokatiwa bima si hili.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI

Sasa twaeleza mpango wa kazi, ili mwenye gari, hata kama si fundi, ajue la kuuliza.

Kwanza, pimeni mbano wa kila silinda kabla ya kuteremsha injini, mkaandike. Huenda maradhi yako kwenye valvu wala si kwenye silinda.

Pili, injini ikiisha kufunguliwa na kuoshwa, silinda ipimwe kwa geji yake mahali patatu, juu, katikati na chini. Na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Macho na kidole havitoshi. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyoonyesha ovasaizi ndogo kabisa inayoweza kusafisha shimo. Chagueni hiyo ndogo, ili mwaka mwingine bloku iwe na chuma cha kuchongwa tena.

Tatu, na hili tunalikazia: nunueni pistoni kwanza, kisha mchonge. Kila pistoni ipimwe kwa maikromita, na silinda ichongwe kwa kuifuata pistoni yake, pakiachwa nafasi iliyoandikwa katika kitabu cha injini ile. Mwenye mashine huacha kiasi cha milimita 0.05, ambacho humalizwa kwa mawe ya kusugulia, yakiacha mikwaruzo myembamba ya kukingamana inayoshika oili.

Nne, bloku ioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi, mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa ndani kitoke cheupe. Kisha ipakwe oili mara moja isipate kutu. Petroli peke yake haiondoi unga wa mawe. Unga huo ukibaki, huila injini mpya kwa siku chache, kama vumbi lilivyoila ya zamani.

Tano, kila ringi iingizwe ndani ya silinda yake na mwanya wa ncha zake upimwe. Kwa silinda ya milimita 74 mwanya wa kawaida ni kama robo ya milimita. Ukiwa mdogo mno, ringi ikipata joto hutanuka, ncha zikagongana, ikavunjika.

Sita, injini mpya na ilelewe kama mtoto. Kwa kilomita 500 za kwanza isipakiwe mzigo mzito, isiachwe ikinguruma muda mrefu pasipo kwenda, wala isiendeshwe kwa mwendo mmoja tu. Kisha oili imwagwe, iwekwe nyingine pamoja na chujio jipya.

YALIYOMPATA MZEE

Sasa twamrudia mzee wetu wa Iramba. Fundi wake alikuwa na haraka. Alipeleka bloku ichongwe kabla ya kununua pistoni, akasema ichongwe "mpaka isafike." Pistoni zilipotafutwa, zilizopatikana zilikuwa za milimita 0.50, na silinda zilikuwa zimekwisha kupita kipimo hicho. Wakazifunga hivyo hivyo. Asubuhi injini ikiwa baridi, pistoni ziligonga kama mtu anayebisha hodi, mchana zilinyamaza. Katika miezi michache gari lilikuwa likila oili kuliko zamani, na siku moja likasimama katikati ya mlima wa Sekenke na mgonjwa ndani yake. Mgonjwa aliokolewa na lori lililopita. Watu wa lori hawakucheka siku ile.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Chuma nacho kikichongwa hakirudi. Bloku ile ilikuwa na tiba moja tu iliyosalia: kuchongwa zaidi na kuvikwa slivu, yaani mirija mipya ya chuma. Mzee alikwenda kwa fundi mwingine, mtu wa vipimo na madaftari. Slivu zikatiwa, zikachongwa kwa kuifuata pistoni, nazo pistoni zilikuwa za kipimo cha kiwandani, milimita 74 kamili. Ujazo ukarudi 1331, bila nyongeza hata ya kijiko. Na gari likaupanda Sekenke vizuri kuliko siku zote alizokuwa nalo, kwa kuwa sasa halikuvuja, chujio lake lilikuwa zima, na mwenyewe alikuwa amejifunza kushuka gia mapema kabla injini haijalemewa.

Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka wa 1953 na kuzipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa na fundisho lilo hilo. Volkswagen ilishinda katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, ilhali injini yake ilikuwa ndogo kuliko za wengi walioshindana nayo. Katika matope na vumbi la nchi zetu, aliyefika ndiye aliyeshinda.

Basi, wasikilizaji wetu, ushauri wetu ni huu. Injini yako ikichoka, kusudi lako la kwanza liwe kuirudishia uzima wake. Ikiwa baada ya hayo bado wahitaji nguvu zaidi kwa kazi yako, tafuta injini kubwa iliyoundwa kuwa kubwa, au gari linalofaa mzigo wako. Na fundi akikuambia kwamba atalifanya gari lako kubwa kwa kuchonga silinda, usigombane naye. Mwombe tu akuonyeshe vipimo vyake, na pistoni zikiwa mezani. Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa.